Haikuwa Netiwaki

Kwako Amoit, binti yangu, mama yangu mdogo,

Mambo ya blanketi, dawa za malaria na soksi nzito nimemwachia mama yako. Amejaza karatasi mbili na bado anaongeza. Mimi nakuandikia hapa kibandani, saa kumi alasiri, na malori yamepanga foleni kutoka mpakani mpaka nisikoweza kuona mwisho wake. Nimerudisha mlango nusu ili watu wafikirie nimefunga. Dereva mmoja amechungulia, "Mzee, niangalizie hii charger, inashika ikitaka," nikamwambia arudi kesho mchana. Wewe unajua mimi simrudishi mteja, hata siku ya Jumapili. Kwa hiyo elewa tu kwamba nina jambo.

Jambo lenyewe linanitia uoga, basi acha nianze na yale nisiyoyaogopa. Kesho alfajiri utapanda basi la Soroti, na kuanzia hapo hutakuwa na mzee wa kukupigia kelele wakati wa chakula. Nitayasema maoni yangu mara moja zaidi, kwenye karatasi, ambako huwezi kunikatiza na lile neno lako, "Baba, acha zako bana."

Siasa kwanza. Bado nasema mwanasiasa apimwe kwa anavyokula akija kwetu. Akimega atapa kwa mkono, ule ugali wetu wa wimbi na muhogo, na asiangalie saa, nampa nusu ya kura. Nusu nyingine akaitafute kwenye barabara ya Angurai wakati wa mvua. Wewe uliniambia napigia kura tumbo, na kwamba ndiyo maana tunaliwa sisi wenyewe. Ulinikera kwa sababu ulisema kweli mbele ya mama yako.

Na vijana walipoandamana, nilikukataza nikiwa nimekaa kitini, ukaenda Busia na bendera na chupa ya maji. Wiki mbili hatukuongea ila kupitia mama yako. "Mwambie mume wako chai iko tayari." "Mwambie msichana wako nimesikia." Nilisema ninyi vijana hamjui serikali, mnajua simu tu. Leo nakwambia nilikuwa na hofu, na hofu yangu ikatoka mdomoni ikiwa maoni ya kisiasa. Mambo mliyokuwa mnayadai hata mimi nayataka. Nilitaka yadaiwe na watoto wa watu wengine.

Teknolojia unajua msimamo wangu. Redio ndiyo kilele, yaliyofuata ni mapambo. Redio ukiifungua unaona kila kitu mahali pake, inakueleza inaumwa wapi. Hizi simu zenu zimebandikwa gundi kuanzia kiwandani, fundi anabaki kuzipapasa. Nimekwambia tangu uko darasa la tatu: kitu kisichofunguka kwa bisibisi si chako, umeazimwa tu na aliyekitengeneza. Ukanijibu, ukiwa na miaka minane, kwamba hata tumbo halifunguki kwa bisibisi. Madereva walicheka mpaka mmoja akamwaga uji.

Mpira siku hizi wameuharibu kwa ile mashine ya kuchora mistari. Mtu anafunga bao, unaruka, unamkumbatia jirani usiyempenda, halafu mnaambiwa mngoje, kuna ukucha wa mguu ulikuwa mbele. Ile furaha ukiirudisha chini hairudi tena juu. Timu yetu ya taifa nimeiacha mara saba na kuirudia mara nane, na ukinisikia nimeiacha tena usiamini.

Chakula ni ugali. Kuku asiye na mfupa hajanishawishi. Samaki wa Port Victoria aje na kichwa chake, na macho yaniangalie. Matoke naiheshimu kwa sababu ya shangazi yako, lakini kwangu ni ndizi iliyokata tamaa.

Hayo yote ulishayajua. Nimeyaandika kwa sababu jambo langu limezaliwa humo humo, kwenye ugali, mpira na kura.

Jana mchana, wakati wa chakula cha kukuaga, ulisimama mbele ya wageni wote, shangazi yako Apolot na mume wake Okiror wakiwa wameketi pale karibu na mlango, wametoka Kumi kwa ajili yako. Ukaisimulia ile hadithi. Nimeisikia ukiisimulia zaidi ya mara ishirini, lakini jana uliisimulia vizuri kuliko siku zote.

"Nilikuwa na miaka saba," ukasema, "niko kwa shangazi Kumi, holidei ya December. Malaria ikanishika mpaka nikalazwa. Uncle anampigia baba, haipatikani. Siku nne, watu wangu! Kumbe mzee ako tu hapa Malaba, simu iko kwa mfuko, lakini netiwaki inaruka Kenya, inaruka Uganda, haijui kwao ni wapi. Nikasema hivi, siku moja nitapanda huo mnara mwenyewe niuulize shida yake ni nini. Na kesho kutwa ndiyo naenda kuuliza."

Wakapiga makofi. Mama yako akapangusa macho. Ukaongeza kwamba hata wale waliokuhoji Soroti uliwapa hadithi hiyo, na yule bosi wao akacheka akasema fundi wa minara wanayemtaka ni kama wewe, mwenye ugomvi binafsi na mnara. Nami nilicheka pamoja na watu. Okiror hakucheka. Alikuwa anaangalia sahani yake.

Baadaye tukiwa tunanawa mikono, akanisogelea. Unajua shemeji yangu hasemi mambo mawili kama moja linatosha. Alisema, "Shemeji, mwambie mutoto ukweli mbele hajapanda munara."

Basi nakwambia, Amoit. Haikuwa netiwaki.

Mwaka ule nilikupeleka Kumi mwenyewe mwanzo wa likizo. Nchi yetu ilikuwa bado inajipangusa zile fujo za uchaguzi, na mtu wa Kenya akivuka mpaka alikuwa na maelezo ya kutoa kila anakokaa. Siku ya Jumapili, Okiror na wazee wa pale walitoa chungu cha malwa, pombe yetu ya wimbi, tukakaa kuzunguka, kila mtu na mrija wake mrefu, jinsi tunavyokaa sisi Wateso pande zote mbili. Wewe ulikuwa mtoni na watoto wa shangazi. Mazungumzo yalianza vizuri.

Yalianza na ugali. Nilisema nimeukosa ule wa mahindi tangu nivuke. Okiror akacheka, akiuita kwa jina lao, "Eh, nyinyi Wakenya munapenda posho! Kwetu hiyo ni ya shule na jela." Wazee wakacheka. Ungekuwa wewe, ungecheka pia. Mimi nikauchukua ugali kama mtu wa ukoo aliyetukanwa. Nikaleta mpira, kwamba timu yao inashinda nyumbani tu, ikitoka nje inaomba njia. Wakaleta kura zetu na nyumba zilizochomwa. Nikawaambia kwao hakuna haja ya fujo, maana matokeo yanajulikana kabla karatasi haijachapwa. Okiror akanijibu polepole, "Shemeji, wewe unajua kuongea. Kuongea tu."

Hilo neno lilinichoma kwa sababu shangazi yako aliwahi kuniambia hivyo hivyo, na kabla yake mama yangu, yule uliyepewa jina lake. Nikauchomoa mrija wangu chunguni, malwa ikitiririka kwenye suruali, nikaondoka. Sijawahi kuona mtu mwingine akifanya hivyo katikati ya chungu, na sitaki kuona. Sikuja hata mtoni kukuaga. Nilipanda gari la kwanza la Mbale.

Ndani ya gari nikaitoa simu. Ilikuwa ile ya Kichina ya laini mbili, niliyojivunia kama mtu aliyejenga ghorofa, kwa sababu sisi wa mpakani tulikuwa tunahangaika na simu mbili mifukoni. Laini ya Kenya ya watu wa huku, laini ya Uganda ya watu wa kule. Nikaifungua mgongo kwa ukucha nikaichomoa ya Uganda. Nilitaka Okiror apige asinipate. Nilijiona mwanamume sana. Nilipofika kibandani niliitupa ndani ya lile kopo la skrubu ndogo, nikaendelea na kazi.

Okiror alikuwa na namba hiyo moja tu, ameiandika kwa makaa ukutani. Mama yako hakuwa na simu bado, tena alikuwa kwao Khunyangu akisaidia mavuno. Kwa hiyo ulipougua Jumanne, dunia nzima ilikuwa na njia moja ya kunifikia, nayo ilikuwa kwenye kopo, umbali wa mkono wangu. Nilikuwa nachukua skrubu humo humo. Niliiona kila siku. Kila nikiiona nilikuwa nasema moyoni, acha wanikose kidogo.

Siku ya tano tangu nichomoe laini, Okiror alifika hapa. Alinikuta nimesimama juu ya kreti, nabishana na madereva wawili kuhusu penalti. Hakunisalimu. "Shemeji, mutoto iko hospitali. Leo siku ya nne. Mimi napiga, napiga, ule musichana wa simu anasema haipatikani."

Mkono wangu ulikwenda mfukoni wenyewe. Nikasema, "Netiwaki, shemeji. Hapa boda inarukaruka."

Ulikuwa uongo mzuri, kwa sababu kila mtu wa Malaba angeuapia. Simu zetu ndivyo zilivyo, unaamka uko Kenya na simu inakukaribisha Uganda. Madereva wote wawili wakaitikia, "Hiyo ni kweli, boss." Okiror akaangalia meza yangu. Kopo lilikuwa wazi. Laini ilikuwa juu ya skrubu, imelala chali. Akaiangalia kama muda wa kuvuta pumzi mara mbili, halafu akasema, "Eh. Netiwaki mbaya sana." Tukaondoka pamoja, na njia nzima hakuniambia neno zaidi ya hali yako.

Nilikukuta umefungwa kipande cha katoni ya biskuti kwenye mkono ili sindano ya dripu isichomoke. Midomo imekauka. Shangazi aliniambia kwamba siku mbili za kwanza ulikuwa unaniita kila mlango ukifunguliwa, halafu ukaacha kuita. Ulifungua macho ukaniuliza, "Baba, simu yako ilikuwa imelala?"

Nikakwambia, "Netiwaki, mama."

Ukaninyooshea ule mkono mwingine ukasema, "Pole."

Nimeishi na hiyo pole miaka kumi na sita. Umeniambia maneno makali mara nyingi tangu hapo, mengine nilistahili, na hakuna lililoniuma hivyo. Niliona aibu siku ile, na ninaiona sasa hivi nikiandika.

Ningeweza kurekebisha ulipopona. Nilijiambia wewe ni mtoto, utasahau. Hukusahau. Ulirudi nyumbani ukaanza kuniuliza sauti inapita wapi, na kwa nini ilishindwa kupita siku ile. Nikakuonyesha antena ya redio. Nikakupandisha juu ya mabati kushika waya, mama yako akipiga kelele chini. Ulipofika kidato cha kwanza tulitengeneza ile redio ndogo isiyotumia betri, na jioni ilipokamata stesheni ya Tororo ulinikumbatia mpaka miwani ikaanguka. Hizo ndizo siku nzuri za maisha yangu. Nilikufundisha kila nilichokijua kuhusu mawimbi, isipokuwa lile moja.

Sasa umekuwa fundi wa kweli. Una cheti, una kofia ngumu, una ule mkanda wa kujifungia ukiwa juu. Na ninaogopa kwamba nimekupeleka juu ya minara kwa kukudanganya. Ndiyo maana sijalala vizuri tangu jana, na ndiyo maana nimemrudisha yule dereva.

Usinielewe vibaya, sikuambii uache kubishana. Mtu asiye na maoni anachosha kukaa naye, na kule uendako utakuta watu wenye maoni yao juu ya ugali, juu ya Wakenya, juu ya msichana anayepanda mnara. Wajibu. Mdomo wako umeutoa kwangu na unafanya kazi vizuri. Ninachoomba uone ni pale nilipokosea. Maoni yangu yalikuwa yangu, ningeweza kuyabeba mpaka Malaba na kuyarudisha Kumi Krismasi inayofuata. Ile laini haikuwa yangu. Ilikuwa yako, na ya shangazi, na ya yeyote ambaye angehitaji kunipata. Niliitoa ili kumkomoa mtu mmoja aliyesema posho ni ya jela.

Okiror naye nimemfikiria sana. Alijua siku ile ile. Angeweza kunivua nguo mbele ya madereva, mbele ya dada yangu, mbele yako. Badala yake alisema netiwaki mbaya, na miaka yote hii ukisimulia hadithi yako anaangalia sahani. Mwaka uliofuata alinitengea mrija pale pale nilipokuwa nimekaa. Nilikuwa namwita mtu wa maneno machache, kumbe alikuwa ananitunzia maneno. Leo asubuhi nilimuuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Ulikuwa unaenda kusema wewe. Mimi nangoja."

Nilimuuliza tukiwa tumevuka daraja. Tulitoka kanisani tukaenda upande wa pili kusajili laini mpya ya Uganda. Ile ya zamani ilishakufa kwa kukaa bila kutumiwa. Jana jioni nilikuwa nimeipigia, sijui nilitegemea nini. Akapokea mama mmoja, nyuma yake kuku wanalia, akasema yuko Masaka na namba ni yake miaka mingi. Nikamwambia samahani, kuna mtu nilikuwa namtafuta. Akaniuliza kama nimempata. Nikasema bado.

Kijana wa duka alipotukabidhi laini, Okiror aliichukua kwanza akaigeuza, halafu akanipa. "Sasa hii, shemeji, usiweke kwa kopo." Tulicheka sisi wawili mpaka yule kijana akadhani tunamcheka yeye.

Nitaiweka barua hii kwenye kisanduku chako cha vifaa, chini ya koleo, ambapo utaikuta ukipanga vitu vyako Soroti, kabla hujapanda kitu chochote. Ningepaswa kukuambia ana kwa ana. Nilijaribu leo mchana ulipoleta chai. Nikaishia kukuuliza kuhusu bei ya mafuta, ukanijibu, tukabishana vizuri tu. Nisamehe na hilo.

Huenda ukisoma hapa utakasirika na kunyamaza, na una haki. Huenda kazi ikawa na ladha nyingine kuanzia leo. Nakuomba tu usiichukie. Mnara haukuwa na kosa, Amoit. Siku ile mnara ulikuwa umesimama wima, unaita, na hakuna aliyekuwa upande wa pili. Ukipanda mnara wako wa kwanza, panda kwa sababu unaijua kazi kuliko mimi. Usipande kwa ajili yangu.

Namba mpya iko nyuma ya karatasi hii. Nimeiingiza laini kwenye simu yangu, nikafunga mgongo, halafu nikazungusha ile gundi ngumu ya viatu pande zote nne na kuibana kwa jiliwa mpaka ikakauka. Nimejaribu kwa ukucha, nimejaribu kwa bisibisi, haifunguki. Najua nilichokufundisha kuhusu kitu kisichofunguka. Basi simu hii si yangu tena. Ni yako, mimi naibeba tu. Piga ukiwa na habari njema, piga ukiwa mgonjwa, piga kunitukana.

Baba yako, Malaba.